Detroit: Become Human: mchezaji anaamua, lakini anayelipa ni nani?

Kwa miaka mingi sasa gemu za hadithi zimekuwa zikitoa ahadi ileile: kwamba mchezaji si mtazamaji tu bali ndiye mwenye usukani, na kwamba neno atakaloamua kumwambia mhusika fulani mwanzoni litamfuata mpaka mwisho. Ahadi hiyo ni rahisi kuiandika kwenye tangazo na ni ghali kuitekeleza, na wachezaji wengi wamekwisha kujifunza kuipokea kwa mashaka. Detroit: Become Human, iliyotengenezwa na studio ya Quantic Dream ya Paris chini ya uongozi wa David Cage na kutolewa kwa PlayStation 4 tarehe 25 Mei 2018, inastahili kutazamwa upya kwa sababu ni miongoni mwa gemu chache zilizothubutu kuweka hesabu zao hadharani. Kila sura inapokwisha, skrini inaonyesha mchoro wa matawi ya sura nzima, yale uliyoyapita yakiwa na maelezo yake na yale usiyoyapita yakiwa yamefungwa. Anayetaka kujua kama maamuzi ya mchezaji yana maana ya kweli hapati mahali pazuri zaidi pa kuanzia, ingawa jibu nililotoka nalo mimi si lile ambalo mchoro huo unajaribu kunipa.

Katika uhakiki huu nitataja mambo yanayotokea mpaka mwisho wa hadithi, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu na aache kusoma hapa, acheze kwanza.

Hadithi inatokea Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mwaka 2038. Jiji lililowahi kuishi kwa viwanda vya magari sasa linaishi kwa roboti wenye sura ya binadamu, wanaotengenezwa na kampuni ya CyberLife na kuuzwa madukani. Roboti hao wanapika, wanalea watoto, wanafagia mitaa na kuuguza wazee, na wanapopanda basi husimama katika sehemu waliyotengewa nyuma. Binadamu waliopoteza kazi kwa sababu yao wanawachukia waziwazi. Mchezaji anashika kwa zamu nafasi za roboti watatu: Kara, mtumishi wa nyumbani anayejikuta akimlinda mtoto Alice dhidi ya Todd, mwanamume mkali anayetumia dawa za kulevya, Connor, roboti mpelelezi aliyepelekwa kwenye jeshi la polisi kuwasaka roboti wenzake walioacha utii, na Markus, anayemuuguza mchoraji mzee Carl Manfred kabla ya mambo kumsukuma kuwa kiongozi wa uasi. Waigizaji Valorie Curry, Bryan Dechart na Jesse Williams hawakutoa sauti tu, walitoa pia nyuso na miendo yao, na hilo linaonekana.

Sura ya kwanza ni miongoni mwa sura bora za ufunguzi nilizowahi kucheza. Connor anapanda lifti hadi juu ya ghorofa ambako roboti wa familia, Daniel, amemuua baba mwenye nyumba na sasa amemshika binti wa nyumba hiyo, Emma, kwenye ukingo wa paa. Kabla ya kutoka nje kumkabili, unaweza kukagua nyumba: ukijua jina la roboti, ukijua kwamba alikuwa karibu kubadilishwa na roboti mpya, ukiiona bastola iliyoanguka, kiwango cha uwezekano wa kufaulu kinachoonyeshwa kwa asilimia kinapanda, na maneno ya kumwambia Daniel yanaongezeka. Muda nao unakwenda. Kuna samaki wa mapambo anayepapatika sakafuni kwa sababu tangi lake limepasuliwa na risasi, na unaweza kumrudisha majini au kumpita. Samaki huyo hana uhusiano wowote na mateka, na kumwokoa hakukusaidii katika mazungumzo. Hata hivyo gemu linaandika pembeni kwamba programu ya Connor imeanza kuyumba, yaani ndani ya mashine hii kuna kitu kimeguswa. Nilimrudisha majini bila kufikiri, kisha nikajiuliza kwa muda mrefu kwa nini tendo lile dogo limenishughulisha kuliko hesabu zote za asilimia.

Sura inaweza kuisha kwa njia kadhaa. Emma anaweza kuokoka na Connor akaanguka na Daniel, Daniel anaweza kuamini maneno matamu na kupigwa risasi na askari walenga shabaha, mtoto anaweza kufa. Yote hayo ni kweli, yameandikwa, yameigizwa na kurekodiwa. Lakini Connor akifa hapa, CyberLife inamleta Connor mwingine, na hadithi inaendelea kuelekea kituo kilekile cha polisi na kwa mwenzake yuleyule, luteni Hank Anderson.

Hapa ndipo ufundi wa gemu za namna hii unapoanza kuonekana, na ni vema kuueleza bila kejeli. Kila tawi jipya ni waigizaji waliolipwa, ni miendo ya miili iliyorekodiwa, ni mandhari, taa na muziki, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haitaonwa na mchezaji aliyechagua tawi jingine. Kwa hiyo waandishi wanaachanisha njia kwa muda kisha wanazikutanisha tena. Sura ambayo Leo, mtoto wa mchoraji Carl, anakuja kudai fedha na kumsukumasukuma Markus ni mfano ulio wazi kabisa. Ukimtii Carl na kuvumilia bila kujibu, mzee anapatwa na mshtuko wa moyo na kufa mbele yako. Ukimsukuma Leo, anaanguka na kugonga kichwa, na mzee anabaki hai. Katika hali zote mbili polisi wanaingia, wanamwona roboti amesimama karibu na mtu aliyelala chini, wanapiga risasi, na Markus anazinduka kwenye dampo la roboti waliovunjika. Ni kama daladala mbili zinazoachana njiani na zote zikaishia Kariakoo: abiria wa hii ameona mitaa ambayo wa ile hakuiona, lakini wanashukia kituo kimoja.

Wapo wanaoishia hapo na kusema kwamba basi, tumedanganywa. Sikubaliani nao. Sura nyingi baadaye, kabla ya pambano la mwisho, Markus anarudi kutafuta ushauri. Ikiwa Carl yu hai, anamkuta kitandani na wanazungumza. Ikiwa amekufa, anasimama makaburini na hakuna wa kumjibu. Tukio hilo halibadilishi matokeo ya vita, na halikuwekwa hapo kwa ajili hiyo. Linabadilisha namna unavyompokea Markus katika kila kinachofuata, kwa sababu mmoja wa Markus hao bado ana baba na mwingine hana.

Mbinu hii ya kukutanisha njia ilikwisha kufanyiwa kazi kwa uwazi zaidi, na pengine kwa ustadi zaidi, na kampuni ya Marekani ya Telltale katika msimu wa kwanza wa The Walking Dead, ulioletwa kwa vipande vitano mwaka 2012. Humo mchezaji ni Lee Everett, mwalimu wa historia wa chuo kikuu aliyehukumiwa kwa mauaji, ambaye anakutana na mtoto wa miaka 8, Clementine, siku ambazo wafu wameanza kutembea katika jimbo la Georgia. Mapema sana unalazimishwa kuamua umkimbilie nani shambani, Duck mdogo au Shawn mtoto wa mwenye shamba, na ukimkimbilia yeyote Shawn anakufa. Baadaye unamwokoa Doug au Carley, hupati nafasi ya kuwaokoa wote wawili, na yule uliyemwokoa anauawa kwa risasi katika kipande cha tatu. Ukihesabu matawi, gemu hilo ni maskini. Mwisho wake ni uleule: Lee ameumwa na mmoja wa wafu hao, na mchezaji anabaki kuamua amwambie Clementine ampige risasi au amwache ageuke. Lakini kila unaposema jambo zito mbele ya mtoto, skrini inakuambia kwamba Clementine atalikumbuka, na unaanza kuchunga maneno si kwa kuogopa kushindwa bali kwa kuogopa kuonwa na mtoto. Katika kipande cha mwisho anatokea mtu ambaye chakula cha familia yake kilichukuliwa na kundi lako garini, anaketi mbele ya Lee na kumsomea makosa yake moja baada ya jingine, yale uliyoyatenda wewe mwenyewe. Sijaona gemu linalomhoji mchezaji kwa ukali zaidi, na hakuna tawi jipya hata moja linalofunguka humo.

Nimeutaja mchezo huo kwa sababu unasaidia kuona pale Detroit inapofaulu kwelikweli, na pale inapojikwaa katika utajiri wake.

Inafaulu zaidi pale ambapo uamuzi wa mhusika mmoja unamfikia mhusika mwingine asiyejua lolote. Markus, akiwa kiongozi, anaweza kuongoza uasi kwa amani au kwa moto, na gemu linaweka kipimo cha maoni ya umma kinachopanda na kushuka kufuatana na yale ambayo Wamarekani wanayaona kwenye televisheni. Unapochagua kuvunja vioo vya maduka au kuandika madai ukutani, kuwasamehe askari wawili waliowaua wenzako au kulipiza kisasi, unadhani unamwongoza Markus peke yake. Kisha, usiku wa mwisho, Kara anapanga foleni na Alice mpakani kuingia Kanada, huku askari wakikagua watu mmoja mmoja ili kumbaini roboti. Umma ukiwa umeegemea upande wa roboti, ofisa wa mpakani anawatazama, anaelewa wao ni nani, na anawaruhusu kupita. Umma ukiwa umechukia, hakuna huruma, na ili wengine wavuke ni lazima mmoja ajitoe mhanga. Kara hakushiriki katika uasi wala hakushika bango. Hatima yake imeamuliwa mitaani na mtu asiyemfahamu, na mtu huyo alikuwa ni wewe, saa kadhaa kabla, ukiwa na hasira za Markus.

Huo ndio uamuzi wenye uzito ninaoutafuta katika gemu yoyote ya hadithi. Uzito wake hautokani na idadi ya miisho. Unatokana na kwamba aliyechagua siye anayelipa, na kwamba gharama inafika wakati umekwisha kuisahau hundi uliyoisaini.

Katika njia hiyohiyo ya Kara kuna jambo jingine dogo ambalo limetungwa kwa akili. Kwenye kituo cha mabasi, familia ya binadamu yenye mtoto mchanga inapoteza tiketi zake, na Kara anaziona. Akizificha, yeye na Alice wanapanda basi na kufika mpakani kwa njia ambayo nimeieleza. Akizirudisha, familia inashukuru na kuondoka, na Kara analazimika kuvuka mto kwa mashua usiku, njia ambayo ni hatari zaidi. Gemu nyingi humlipa mwema papo hapo, kwa pointi au kwa zawadi, mpaka wema unakuwa aina nyingine ya biashara. Hapa wema unagharimu, na hakuna sauti inayokuja baadaye kukuambia kwamba ulifanya vizuri.

Connor na Hank ndio uti wa mgongo wa gemu zima, na nadhani hata wale wasioipenda Detroit watakubali hilo. Hank, anayeigizwa na Clancy Brown, ni polisi mlevi aliyempoteza mwanawe Cole katika ajali, na anawachukia roboti kwa sababu zake. Uhusiano wao unapimwa, mshale ukipanda na kushuka baada ya kila mazungumzo, na kinachoupandisha mara nyingi ndicho kinachoiharibu kazi ambayo Connor ametumwa kuifanya. Ukiwaacha roboti wawili wapenzi wakimbie badala ya kuwapiga risasi, umeshindwa kama mpelelezi na Hank ameanza kukuheshimu. Elijah Kamski, mwanzilishi wa CyberLife, anapompa Connor bastola na kumwambia ampige risasi msichana wa roboti aliyepiga magoti mbele yake ili apewe taarifa anazozihitaji, mizani hiyo inawekwa wazi kabisa mbele ya macho yako. Na matunda yanaonekana. Connor anapohitaji kuingia kwenye chumba cha vielelezo ambako hana ruhusa tena, Hank aliye rafiki anamtandika ngumi ofisa wa FBI ili kumpotezea muda. Uhusiano ukiwa umeharibika kabisa, Hank anaweza kujiua. Hata vifo vya Connor mwenyewe, ambavyo nilisema havisimamishi hadithi, vinapata maana kupitia Hank: mashine inarudi na namba mpya, inasalimia kama kawaida, na binadamu aliyeiona ikifa ndiye anayebaki na kumbukumbu.

Baada ya kusema hayo yote, nina manung'uniko matatu, na la kwanza ni kubwa.

Mchoro wa matawi, ambao ndio fahari ya watengenezaji, unaua sehemu ya kile ambacho maandishi yamekijenga. Umetoka kumwona mtu akifa kwa kosa lako, moyo bado unadunda, na skrini inakuletea jedwali: asilimia fulani ya wachezaji wa dunia nzima walifanya kama wewe, na hapa kuna masanduku yenye kufuli unayoweza kurudi kuyafungua kuanzia hatua fulani. Papo hapo kifo kinakuwa sanduku. Mtu anaacha kujiuliza kama alitenda sawa na anaanza kujiuliza kama ameona vyote. Naelewa kwa nini upo. Bila mchoro huo, wengi wasingeamini kwamba matawi ni mengi kiasi hicho, na kampuni iliyotumia miaka kuyaandika ina haki ya kutaka yaonekane. Hata The Walking Dead ilionyesha asilimia mwishoni mwa kila kipande. Tofauti ni kwamba ile ilikuonyesha umesimama wapi kati ya wenzako, na hii inakuonyesha mlango wa kutokea. Ninachoshauri ni kuupita mchoro haraka kwa kitufe kila unapotokea, na kutorudi nyuma hata mara moja katika mzunguko wa kwanza, hata kama umefanya jambo la aibu.

Ajabu ni kwamba studio hiyohiyo inajua kufanya vizuri zaidi. Kwenye menyu ya kuanzia kuna roboti aitwaye Chloe anayekukaribisha, anakuuliza maswali, anatoa maoni juu ya yale uliyoyafanya kwenye hadithi, na mara nyingine anaonekana kusumbuliwa na jambo. Ukishamaliza hadithi anakuomba umwache aende zake. Ukimkubalia anaondoka, na menyu inabaki bila mtu. Hakuna mchoro, hakuna asilimia, hakuna faida yoyote kwa mchezaji, na ndio uamuzi ambao watu niliozungumza nao kuhusu gemu hili huukumbuka kwanza.

Nung'uniko la pili ni kwamba mambo mengi yanayohesabiwa kuwa maamuzi ni wepesi wa vidole. Katika mapambano na mikimbizano, gemu linakutaka ubonyeze kitufe kinachotokea ghafla au usukume pedi upande fulani, na ukikosea mara kadhaa mhusika anaweza kufa. Kara anaweza kupotea mapema kabisa, usiku wa mvua katika nyumba ya Todd, na hadithi yake yote ikaishia hapo. Pale anapokufa kwa sababu uliamua kutovunja amri ya bwana wake, hilo ni tukio lenye maana nzito. Pale anapokufa kwa sababu ulichanganya pembetatu na mraba, hilo ni jambo jingine kabisa, lakini mchoro wa matawi unayaandika yote kwa wino mmoja. Kipo kiwango chepesi kinachopunguza vitufe na kufanya vifo kuwa adimu. Nakipendekeza bila kuona haya kwa yeyote ambaye lengo lake ni hadithi.

Hapa niongeze jambo linalotugusa sisi hasa. Mazungumzo yanaletwa kwa chaguo tatu au nne, kila moja ikiwa imefupishwa kwa neno moja au mawili, na mara nyingi kuna kipimo cha muda kinachokimbia. Gemu halina Kiswahili, si kwa sauti wala kwa manukuu. Msomaji wa Kiingereza cha darasani anaweza kulielewa neno lakini asijue mhusika atalisema kwa sauti gani, na hata wenye lugha yao hulalamika kwamba walichagua upole wakasikia tusi. Uamuzi uliofanywa bila kuelewa unachoamua si uamuzi, na hapo lawama si za mchezaji.

La tatu ni siasa yake. Gemu linaazima bila kificho historia ya watu weusi wa Marekani, kuanzia sehemu ya nyuma ya basi mpaka nyumba za siri zinazowavusha watoro kwenda Kanada, kisha linaigeuza historia hiyo kuwa fumbo lenye majibu sahihi. Ukiongoza maandamano ya amani na ukapendwa na umma, roboti wachache waliobaki wanaweza kuimba mbele ya bunduki, au Markus anaweza kumbusu North, roboti mwenzake katika uasi, na Rais anaamuru jeshi lirudi nyuma. Yaani uhuru wa taifa zima la viumbe unategemea kama umebonyeza kitufe cha wimbo. Sina shida na amani kushinda. Shida yangu ni kwamba amani hapa haimgharimu mchezaji chochote ambacho hakuambiwa mapema kwenye kipimo cha maoni ya umma, na kwa hiyo haifanani na amani yoyote iliyowahi kupiganiwa. Na ile siri kwamba Alice naye ni roboti, ambayo inafichuliwa kuelekea mwisho hata ungechagua nini, inapunguza kitu kilichokuwa kizuri: upendo wa mashine kwa mtoto wa binadamu ulikuwa na swali ndani yake, na swali hilo linafutwa kwa hiari ya mwandishi, mchezaji hana la kusema.

Kuhusu miisho, nitasema kidogo tu, kwa sababu nadhani inazungumziwa kupita kiasi. Mwaka 2012 wachezaji wa Mass Effect 3 walikasirika mpaka kampuni ya BioWare ikatoa nyongeza ya bure ya kuufafanua mwisho, kwa kuwa waliona maamuzi ya gemu tatu yamefinywa kuwa chaguo chache zilizotofautiana kwa rangi ya mwanga. Detroit haina tatizo hilo. Miisho yake ni mingi na inatofautiana kwelikweli, wahusika wote watatu wanaweza kuwa hai au wote wakafa, na Connor anaweza kuishia mkombozi au mwindaji. Lakini baada ya kuona kadhaa, niliyoikumbuka haikuwa ile iliyokuwa mbali zaidi na nyingine. Nilimkumbuka ofisa wa mpakani.

Kwa anayefikiria kulinunua: toleo la PlayStation 4 linacheza pia kwenye PlayStation 5, na toleo la kompyuta lilitoka Desemba 2019 kwenye duka la mtandaoni la Epic na Juni 2020 kwenye duka jingine kama hilo, Steam. Kompyuta inahitaji angalau kumbukumbu ya GB 8 na nafasi ya GB 55 kwenye diski, kiasi ambacho kwa mtumiaji wa bando la simu si jambo la mzaha; tafuta mtandao wa kulipia kwa mwezi, au nunua diski ya PlayStation. Si gemu la kibandani. Vibanda vyetu vinalipisha kwa muda au kwa mechi na vinaishi kwa mpira, na hadithi inayodai jioni kadhaa mfululizo, tena kimya kikiwepo, inataka nyumbani. Lina daraja la PEGI 18, alama ya umri ya Ulaya kwa wenye miaka 18 na zaidi, na linastahili: kuna ukatili dhidi ya mtoto katika sura za Kara ambao mzazi asiukute ghafla sebuleni na watoto wake wamekaa hapo.

Nalipendekeza, hasa kwa wawili mnaoweza kucheza pamoja, mmoja akishika pedi na mwingine akibishana naye kabla muda haujaisha. Ubishi huo unazaa fikra kuliko mchoro wowote. Asiye na uhakika aanze na onyesho la bure linalopatikana Steam na kwenye duka la PlayStation, ambalo ni ile sura ya kwanza ya Daniel na Emma. Litakuonyesha kama kompyuta yako inalimudu, na kama unaweza kuvumilia vitufe vyake.